Hukumu ya mbegu: Mkulima ameshinda, ila Bunge lina kazi

ELDORET

KWA zaidi ya mwongo mmoja, mkulima wa Moiben au Turbo aliyempimia jirani yake gorogoro mbili za maharagwe ya kupanda alikuwa, kwa mujibu wa maandishi ya sheria, mtu wa kutafutwa na askari. Wengi hawakulijua hilo. Waliolijua hawakuliamini, kwani haikuwaingia akilini kwamba desturi waliyoirithi kwa mama na nyanya zao ingeweza kumfikisha mtu kizimbani.

Ndivyo ilivyosema Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2012. Aliyeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa wala kuidhinishwa alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili gerezani, faini ya hadi Sh1 milioni, au adhabu zote mbili kwa pamoja.

Mnamo Novemba 27, 2025, Mahakama Kuu ya Machakos iliubomoa ukuta huo. Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyomzuia mkulima kuhifadhi, kugawa na kubadilishana mbegu zake vinakiuka Katiba. Pamoja navyo vilianguka vile vilivyowapa wakaguzi uwezo wa kuvamia ghala za mbegu za wanavijiji na kutwaa walichokikuta humo, na vilivyowapa wazalishaji wa aina mpya za mimea haki pana pasipo kumtambua mkulima. Kesi hiyo iliwasilishwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15, wakiungwa mkono na mashirika ya kutetea mazingira na mbegu za asili.

Hukumu ilitolewa wakati maeneo mengi ya Uasin Gishu yakiwa katika shughuli za kuvuna na kupukuchua mahindi, majira ambayo mwenye shamba huchagua magunzi yaliyonona na kuyatenga. Haishangazi basi kwamba imepokewa kwa shangwe. Hata hivyo, shangwe ni jambo moja na kufahamu kilichoamuliwa ni jambo jingine. Tayari wapo wanaodhani kwamba mahakama imefuta umiliki wote wa mbegu, na wapo katika biashara ya mbegu wanaohofia kuwa mlango umefunguliwa kwa matapeli. Makundi yote mawili yamekwenda mbali mno.

Lugha yetu ya magazeti haisaidii sana katika jambo hili. Neno 'hakimiliki' limegeuzwa kapu la kutilia kila kitu, ilhali sheria ina vikapu kadhaa. Hakimiliki hulinda wimbo, kitabu na filamu. Hataza hulinda uvumbuzi. Alama ya biashara hulinda jina na nembo inayomwezesha mnunuzi kutambua bidhaa ya nani ni ipi. Na aliyezalisha aina mpya ya mmea, iliyo tofauti na zilizokuwepo, yenye sura moja na isiyobadilika kizazi hadi kizazi, ana haki yake ya pekee ambayo si hataza wala hakimiliki.

Chukua pakiti ya kilo mbili ya mahindi kutoka duka lolote la pembejeo katika Barabara ya Uganda hapa mjini. Jina na picha iliyo juu yake ni alama ya biashara. Aina ya mahindi iliyomo ndani yaweza kuwa chini ya haki ya mzalishaji. Ile stika ya Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea (KEPHIS) inayokwaruzwa ili kufichua nambari si umiliki hata kidogo, bali ni dhamana ya serikali kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Kosa kubwa la Sura ya 326, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilikuwa kuchanganya mambo haya, hivi kwamba sheria ya kulinda ubora ikawa pia fimbo ya kulinda umiliki, na mkulima mwenye wimbi la nyanya yake akapigwa kwa fimbo iliyochongwa kwa ajili ya tapeli wa mjini.

Msingi wa kesi ulikuwa wazi katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 11 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kiasili, sifa zake na matumizi yake miongoni mwa jamii za Kenya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kulinda maarifa ya jadi kuhusu viumbe na mimea. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutolala njaa. Katiba ilizinduliwa Agosti 2010. Miaka miwili baadaye Bunge lilirekebisha sheria ya mbegu na kufanya karibu kinyume cha agizo hilo, kwani haki za mzalishaji zilipanuliwa ilhali mwenye mbegu ya kiasili akaachwa na tishio la jela.

Kwa nini Bunge lilitenda hivyo? Jibu limo kwa sehemu kubwa Geneva. Kenya ilijiunga na Muungano wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, UPOV, mwaka 1999, ikiwa nchi ya pili ya Afrika baada ya Afrika Kusini. Ilijiunga chini ya mkataba wa 1978, ambao ulimdai mkulima ruhusa pale tu alipozalisha mbegu kwa ajili ya soko. Aliyehifadhi ili apande tena shambani mwake hakuguswa. Mkataba wa 1991 ni mkali zaidi. Humo kuhifadhi mbegu ya aina inayolindwa kumekuwa fadhila ambayo nchi yaweza kumpa mkulima katika sheria zake, ndani ya mipaka ya kadiri na bila kumdhulumu mzalishaji. Marekebisho ya 2012 yalitayarisha njia, na mwaka 2016 Kenya ikaingia rasmi katika mkataba huo wa 1991.

Waliosukuma safari hiyo walikuwa na hoja, na ni haki izingatiwe. Sehemu kubwa ya maombi ya ulinzi wa mimea nchini hutoka kwa wazalishaji wa kigeni wa waridi na maua mengine. Mzalishaji wa Uholanzi asingekubali aina yake mpya ipandwe katika mashamba ya maua ya Naivasha, au haya yaliyo nje ya Eldoret, bila hakika ya kulipwa. Maua huleta fedha za kigeni na ajira. Lakini kanuni iliyoshonwa kwa kipimo cha waridi ikivishwa maharagwe na viazi hupwaya hapa na kubana pale.

Tuingie sasa shambani, kwani kila zao lina hadithi yake na ndimo ilimo hoja yenyewe.

Mahindi ndiyo roho ya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Mkulima wa huku hununua mbegu mpya kila mwaka, yapata kilo kumi kwa ekari, na hafanyi hivyo kwa kuogopa polisi. Hufanya hivyo kwa kuwa mbegu mahuluti ikipandwa mara ya pili hupoteza nguvu zake. Mimea hutofautiana urefu, magunzi hupungua na magunia hupungua. Kwa hiyo mzalishaji wa mahindi mahuluti analindwa na maumbile yenyewe kabla hajalindwa na wakili. Hukumu ya Machakos haibadilishi hesabu hiyo. Mtu atakayeshangilia hukumu kwa kupanda punje za H614 alizovuna mwaka jana ataadhibiwa na shamba lake mwenyewe.

Historia ya mahindi hayo ina funzo ambalo halitajwi sana katika mijadala ya umiliki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Kitale, Michael Harrison, alikwenda Amerika ya Kati na Kusini kukusanya mahindi ya wakulima wa huko. Miongoni mwa aliyorudi nayo yalikuwa mahindi kutoka Ecuador yaliyopewa jina Ecuador 573. Yalipochanganywa na mahindi yaliyokwisha kuzoea Kitale, ndipo ilipopatikana H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 na kufungua ukurasa mpya wa kilimo nchini. Wakulima wa milima ya Ecuador waliotunza mahindi yao kwa karne nyingi hawakudai malipo yoyote. Lau kungekuwa wakati ule na sheria kama hii yetu ya 2012 kila mahali, sijui kapu la Harrison lingerudi na nini.

Viazi ni habari nyingine kabisa. Aina inayotawala masoko yetu, Shangi, ilienea kutoka shamba hadi shamba kwa mikono ya wakulima wenyewe kabla ya kuingizwa katika orodha rasmi. Hakuna kampuni iliyoitangaza. Ilipendwa kwa kuwa huiva upesi na hupikika upesi, basi. Kwa tafsiri kali ya sheria iliyoanguka, safari yote ya Shangi kabla ya kusajiliwa ilikuwa ya magendo. Hata hivyo, viazi hivyo hivyo ndivyo vinavyoonyesha udhaifu wa upande wa pili: ugonjwa wa mnyauko husafiri ndani ya viazi vya kupanda, na mkulima wa Keiyo anayempa jamaa yake gunia anaweza kumpa na maradhi pasipo kujua. Wakaguzi wa mbegu hawana budi kuwapo. Taifa lilionja jambo la namna hii mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulipogunduliwa Bomet na kufyeka mashamba.

Kisha kuna maharagwe, wimbi, mtama, managu, saga na mrenda. Haya ndiyo mazao ambayo mbegu zake hazina mwenyewe isipokuwa jamii. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kati ya asilimia 70 na 80 ya mbegu zinazopandwa nchini, mazao yote yakijumlishwa, hutoka kwa wakulima wenyewe, majirani na masoko ya vijijini. Sheria inayolifanya jambo linalotendwa na wengi kiasi hicho kuwa jinai haiwezi kutekelezwa kwa haki. Itatekelezwa kwa bahati nasibu, dhidi ya yule aliyekosana na chifu au mkaguzi. Hapa ndipo hukumu ilipopiga mahali pake.

Zao ambalo mahakama imeliacha njia panda ni ngano. Ngano hujichavusha yenyewe. Punje iliyovunwa Ziwa au Moiben huzaa mmea unaofanana na mama yake, na mkulima anaweza kuihifadhi kwa misimu kadhaa bila hasara kubwa. Aina za ngano zinazopandwa huku zimetoka zaidi katika kituo cha utafiti cha Njoro, kwa fedha za umma. Je, mwenye ekari 300 za ngano anayejihifadhia mbegu ya aina inayolindwa ni sawa na mama mwenye robo ekari ya wimbi? Kwa hisia za haki za kawaida, la. Nasi tusijifiche nyuma ya mama huyo kumtetea tajiri. Watafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) hutumia miaka kumi au zaidi kupata aina moja inayostahimili kutu ya ngano, na mgao wa Hazina haujawahi kuwatosha.

Wenzetu wa Ulaya walilikata shauri hili mwaka 1994 kwa njia ambayo wabunge wetu wangefaa kuisoma. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, mkulima anaruhusiwa kuhifadhi mbegu za mazao yaliyoorodheshwa, ngano na viazi yakiwemo, hata kama aina hiyo inalindwa. Mkulima mkubwa humlipa mzalishaji ada iliyo chini kuliko ya mbegu mpya. Mkulima mdogo halipi chochote. Na mdogo ni nani? Ni yule ambaye shamba lake halizidi eneo la kuzalisha tani 92 za nafaka. Tuzibadili kwa kipimo chetu: hayo ni magunia zaidi ya 1,000 ya kilo 90. Kwa mavuno ya magunia 20 kwa ekari, mdogo wa Ulaya ni mtu wa ekari 50 hivi. Kwa kipimo hicho wakulima wengi mno wa Kaunti ya Uasin Gishu wangekuwa wadogo, tena Ulaya ikiwa ni mwanachama wa UPOV ile ile tunayoambiwa inatufunga mikono.

India ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2001 inamruhusu mkulima kuhifadhi, kupanda tena, kubadilishana, kugawa na hata kuuza mbegu ya aina inayolindwa, mradi asiiuze kama mbegu yenye nembo. India haikujiunga na UPOV. Sheria hiyo ilijaribiwa Aprili 2019 kampuni ya PepsiCo ilipowashtaki wakulima wa Gujarat kwa kupanda aina ya viazi vya kutengenezea krispi, baadhi yao wakidaiwa zaidi ya rupia milioni 10 kila mmoja. Ghadhabu ya umma ikawa kubwa, na kampuni ikaondoa kesi mwezi uliofuata. Vita vya usajili wa aina hiyo viliendelea: mamlaka ya India iliufuta mwaka 2021, na Januari 2024 Mahakama Kuu ya Delhi ikaubatilisha ufutaji huo. Kampuni ilibaki na haki yake kwenye karatasi lakini haikurudi kumwandama mkulima shambani.

Mkondo wa Amerika Kaskazini ni wa kuogofya, na chanzo chake ni hataza. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba mkulima Percy Schmeiser alikiuka hataza ya Monsanto kwa kuhifadhi na kupanda mbegu zenye jeni ya kampuni hiyo, ingawa haikumtoza fidia. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kauli moja ilimwangusha mkulima Vernon Bowman wa Indiana, aliyenunua soya kwenye ghala la nafaka, si dukani, na kuzipanda. Alitozwa zaidi ya dola 84,000.

Yanatuhusu nini hayo? Yanatuhusu kwa kuwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakataza hataza juu ya aina za mimea, lakini hapo hapo inaacha mlango wazi kwa sehemu za mimea na mazao ya teknolojia ya jeni. Serikali iliondoa marufuku ya mazao ya GMO Oktoba 2022, baada ya miaka kumi, na tangu hapo suala hilo limekuwa likizunguka mahakamani. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uagizaji na ukuzaji wake kwa muda. Mawakili wamejadili zaidi usalama wa chakula na ushirikishaji wa umma. Swali la nani atamiliki jeni iliyopeperushwa na upepo hadi shamba la jirani bado halijapewa nafasi yake, na hukumu ya Machakos, iliyohusu Sura ya 326, haikuligusa.

Wenye hofu ya mbegu bandia nao wana sababu. North Rift haijasahau sakata ya mbolea duni ya mwaka 2024, wakulima walipogundua baada ya kupanda kwamba walichouziwa hakikuwa mbolea ya kustahili jina hilo. Anayetia rangi punje za kula, akazifunga katika pakiti ya kuigiza na kuziuza kama mahuluti humwibia mkulima msimu mzima, karo ya watoto ikiwemo. Lakini mtu huyo hakulindwa na hukumu hii. Ametenda kosa la ulaghai, amekiuka alama ya biashara ya mwenye pakiti, na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inamngoja.

Mahakama zetu zimewahi kutenganisha mambo ya namna hii. Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi iliyowasilishwa mwaka 2009 na Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Walilalamika kwamba tafsiri ya 'bidhaa ghushi' katika sheria hiyo ya 2008 ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzinasa dawa halali za bei nafuu. Jaji alikubaliana nao kwamba haki ya mwenye hataza haiwezi kutangulizwa mbele ya haki ya uhai na afya. Katika mji huu, ambao mpango wa AMPATH wa hospitali ya rufaa ya Moi umehudumia waathiriwa wa Ukimwi tangu 2001, uzito wa uamuzi ule haukuhitaji kufafanuliwa. Mantiki ya Machakos ni ndugu ya mantiki ile: sheria ya kumlinda mbunifu inapotumia maneno mapana mno huishia kumfunga asiyehusika.

Hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kukatiwa rufaa, na hata ikisimama, mahakama hufuta vifungu lakini haiandiki vipya. Bunge ndilo litakaloamua nani ni mkulima mdogo na kwa kipimo kipi. Ikiwa mwenye shamba kubwa la ngano atalipa ada na ni nani ataikusanya. Na namna jamii itakavyosajili mbegu yake ya kiasili ili asitokee mtu wa nje akaidai. Hilo la mwisho lilipaswa kushughulikiwa tangu 2010 na halimhitaji mtu yeyote kwenda Geneva. Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa kilimo na Katiba, zinaweza kuanza na ghala za mbegu za vijiji bila kungoja Nairobi.

Kwa sasa, mwenye wimbi, maharagwe au managu ya asili anaweza kumgawia jirani bila wasiwasi. Anayepanda mahindi mahuluti ataendelea kwenda dukani, akwaruze stika kabla ya kufungua pakiti na ahifadhi risiti. Mwenye ngano ya aina inayolindwa, aliyekwisha kutenga magunia yake 20 ya kupanda Ziwa, ndiye ambaye hukumu haikumjibu waziwazi ikiwa anadaiwa kitu na Njoro au hadaiwi.